Sura ya 7: Dhahabu Ilikuwapo, Sarafu Haikutoka

Kwa nini sarafu za dhahabu zisitengenezwe pale pale dhahabu inapochimbwa? Msomaji wa historia ya fedha hukutana na swali hili mapema. Wachimbaji wanahenyeka milimani, dhahabu yao inasafirishwa mamia ya kilomita, kisha inarudi ikiwa sarafu, na kila aliyeishika njiani amekata chake. Mtu hujiuliza kama isingekuwa nafuu kuzipeleka mashine kwenye dhahabu badala ya kuipeleka dhahabu kwenye mashine.

Marekani ya karne ya 19 ililijaribu wazo hilo mara kadhaa. Mahali pengine lilifaulu, pengine likafaulu nusu. Katika mji wa The Dalles, jimbo la Oregon, halikufaulu kabisa. Mwaka 1864 Bunge la Marekani liliidhinisha kujengwa huko tawi la kiwanda cha sarafu cha taifa, likatenga dola 100,000. Kuta za mawe zikaanza kupanda. Mwaka 1870 kazi ikasimamishwa, na jengo halikutoa hata sarafu moja.

Sura hii inaeleza kwanza kiwanda cha sarafu hufanya kazi gani, kisha inafuata mradi wa The Dalles tangu ulipozaliwa hadi ulipoachwa, na mwisho inaulinganisha na miradi mingine ya wakati huo.

Kazi ya kiwanda cha sarafu

Kiwanda cha sarafu ni mahali ambapo serikali hugeuza madini kuwa fedha halali. Katika karne ya 19 mtu yeyote nchini Marekani aliyekuwa na dhahabu ya kutosha aliweza kuipeleka kiwandani, ikapimwa, naye akapewa sarafu zenye thamani ya dhahabu yake baada ya kutolewa gharama. Kazi ilipita hatua hizi:

1. *Kupokea na kupima uzito.* Unga, chenga na vipande vya dhahabu viliwekwa kwenye mizani mbele ya mwenye mali.
2. *Kuyeyusha.* Mzigo wa kila mteja uliyeyushwa peke yake na kumiminwa kwenye kalibu, ukatoka mkuo, yaani kipande kizito cha madini chenye umbo la tofali.
3. *Kupima ubora.* Dhahabu ya mtoni haiwi safi. Mara nyingi imechanganyika na madini ya fedha. Mpimaji alikata kipande kidogo cha mkuo, akakichoma pamoja na risasi ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa. Kikombe kilifyonza risasi pamoja na uchafu, asidi ikaondoa madini ya fedha, na kilichobaki kikaonyesha mkuo mzima una dhahabu kiasi gani.
4. *Kusafisha na kuchanganya.* Dhahabu iliyosafishwa ilitiwa shaba ili iwe ngumu. Sarafu ya dhahabu ya Marekani ilikuwa na sehemu 900 za dhahabu katika kila sehemu 1,000.
5. *Kufinya na kukata.* Mikuo ilipitishwa kwenye mashine ikawa mabamba, na mabamba yakakatwa visahani vilivyopimwa kimoja kimoja.
6. *Kupiga chapa.* Kila kisahani kiligandamizwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua. Mihuri yenyewe ilichongwa Philadelphia na kupelekwa kwenye matawi.

Hatua tatu za kwanza hazihitaji jengo kubwa. Tanuri, mizani nzuri, kemikali chache na watu wachache wenye ujuzi na uaminifu zinatosha. Mahali panapoishia hapo huitwa ofisi ya kupima dhahabu: mteja huondoka na mkuo uliopigwa muhuri wa serikali unaotaja uzito na ubora wake, ambao benki yoyote itaupokea. Hatua tatu za mwisho ndizo zenye gharama. Zinataka injini ya mvuke, mashine nzito, mafundi waliobobea, walinzi, na kuni au makaa mwaka mzima.

Gharama hizo hazipungui dhahabu inapopungua. Kwa hiyo tawi la kiwanda cha sarafu hufanana na mashine ya kusaga iliyowekwa kijijini. Italipa ikiwa wanakijiji wana mahindi msimu hadi msimu na mjini ni mbali. Mavuno yakishuka, au barabara ikitengenezwa na nauli ikashuka, mwenye mashine atabaki na deni. Masharti ya tawi ni hayo hayo mawili: dhahabu ya kudumu, na umbali mkubwa wa kuifikisha kwingine.

Ramani ya matawi ni ramani ya dhahabu

Kiwanda kikuu cha Marekani kilianzishwa Philadelphia, karibu na pwani ya mashariki, mwaka 1792. Dhahabu ilipopatikana katika majimbo ya kusini, matawi yalifunguliwa Charlotte na Dahlonega. Tawi la New Orleans, kwenye bandari kubwa, lilianza wakati huo huo. Yote matatu yalipiga sarafu zao za kwanza mwaka 1838.

Kisha dhahabu ikapatikana California mwaka 1848. Watu kutoka pande zote za dunia wakamiminika huko, na mwaka 1854 tawi la San Francisco likaanza kazi. Madini ya fedha na dhahabu yalipogunduliwa Nevada, Bunge liliidhinisha tawi la Carson City mwaka 1863. Colorado nayo ilikuwa imekwisha kuahidiwa tawi la Denver mwaka 1862.

Oregon ilikuwa na historia yake. Mwaka 1849 wanaume waliorudi kutoka California na mifuko ya dhahabu walikuta hakuna sarafu za kutosha za biashara. Wenye maduka walipokea unga wa dhahabu kwa bei ya chini kuliko thamani yake, na mizani ilikuwa ya muuzaji. Serikali ya muda ya walowezi ikapitisha sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu, lakini gavana mpya, Joseph Lane, alipofika aliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu kutengeneza fedha ni kazi ya serikali kuu peke yake. Wafanyabiashara wakaunda kampuni binafsi mjini Oregon City, wakatengeneza sarafu za dola 5 na za dola 10 zenye picha ya biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalikuwa bidhaa kuu ya eneo hilo. Dhahabu iliyokuwamo ilizidi thamani iliyoandikwa juu yake, hivyo nyingi ziliishia kuyeyushwa, na leo zilizobaki hutafutwa sana na wakusanyaji.

Kampuni hiyo haikudumu, lakini haja iliyoizaa ilibaki. Mwenye dhahabu asiye na sarafu hununua kila kitu kwa hasara.

Kwa nini The Dalles

The Dalles, ambao katika nyaraka za serikali uliitwa Dalles City, uko ukingoni mwa mto Columbia, mahali ambapo mto ulibanwa na miamba na kuwa na maporomoko. Kwa maelfu ya miaka wenyeji wa eneo hilo, wakiwemo Wawasco na Wawishram, walivua samoni hapo, na makabila kutoka mbali yalikuja kufanya biashara. Walowezi waliosafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka mashariki walifika hapo wakiwa wamechoka, kwa sababu baada ya hapo iliwabidi washuke mtoni kwa vyelezo au wazunguke mlima. Jeshi la Marekani lilijenga ngome mwaka 1850. Mkataba wa mwaka 1855 uliwahamisha wenyeji wengi hadi hifadhi ya Warm Springs, na ardhi iliyobaki ikawa ya walowezi.

Miamba iliyofanya mahali hapo pawe pa uvuvi ndiyo iliyofanya pawe pa biashara. Meli za mvuke hazikuweza kuyapita maporomoko. Kila mzigo ulishushwa, ukavushwa nchi kavu, kisha ukapakiwa kwenye meli nyingine. Mwaka 1863 kampuni ya meli iliyotawala mto huo, Oregon Steam Navigation Company, ilifungua reli fupi ya kuvuka kipande hicho, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20.

Dhahabu nayo ilikuwa imeanza kuja, na kila mwaka ulileta habari mpya:

- *1860:* dhahabu ilipatikana kwenye vijito vya mto Clearwater, katika Idaho ya leo. Ardhi hiyo ilikuwa imebaki mikononi mwa Wanez Perce kwa mkataba wa 1855. Wachimbaji waliingia hata hivyo, na mkataba mpya wa 1863 uliwanyang'anya wenyeji sehemu kubwa ya hifadhi yao.
- *1861:* dhahabu ilipatikana Griffin Gulch, mashariki mwa Oregon.
- *1862:* ikapatikana Canyon Creek, ambako mji wa Canyon City ulizaliwa, na katika bonde la Boise, Idaho. Mwaka huo huo wachimbaji walifika Bannack, Montana.
- *1863:* ikapatikana Alder Gulch, Montana.

Ukitazama ramani utaona kwamba machimbo mengi kati ya hayo yalikuwa nyuma ya The Dalles. Unga wa ngano, sepetu, nyumbu na wachimbaji vilipita hapo kwenda juu. Dhahabu ilipita hapo kuteremka. Mji haukuwa na mgodi, ila ulikuwa mlango wa migodi. Kwa watu waliotafuta mahali pa kuweka kiwanda cha sarafu, hoja hiyo ilikuwa na nguvu.

Safari ya dhahabu, na anayeilipia

Uzito wa hoja hiyo unaonekana ukimfuata mchimbaji wa Canyon City. Ana kifuko cha unga wa dhahabu alioupata kwa kuchekecha mchanga wa kijito. Anaweza kulipia chakula kwa unga huo, lakini mwenye duka ataukadiria kwa jicho lake na kwa mizani yake. Anaweza kumuuzia mnunuzi, naye atapunguza bei kwa sababu hajui ubora wake na kwa sababu atagharimia safari. Au anaweza kuupeleka mwenyewe kiwandani, na kiwanda cha karibu ni San Francisco.

Safari hiyo ilianza kwa farasi au gari la abiria hadi The Dalles, katika njia yenye wanyang'anyi. Kutoka hapo ilikuwa meli ya mvuke hadi maporomoko mengine, reli fupi, meli nyingine hadi Portland, kisha meli ya baharini kuelekea kusini. Kampuni za kusafirisha vitu vya thamani, kama Wells Fargo, zilifanya kazi hiyo kwa malipo. Nauli, ulinzi, bima na wiki za kusubiri vyote vilitoka kwenye dhahabu ile ile. Sarafu zilirudi kwa njia hiyo hiyo, zikilipiwa upya.

Kwa ufupi, mchimbaji alilipa mara mbili: dhahabu ilipokwenda na sarafu iliporudi. Tawi la The Dalles lingeondoa sehemu ndefu ya gharama hizo, na lingeondoa bahari kabisa.

Julai 1864: Bunge laidhinisha

Sheria ya kuanzisha tawi la Dalles City ilipitishwa tarehe 4 Julai 1864. Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na fedha za vita zilikuwa zikitafutwa kila upande. Tangu 1862 serikali ya Rais Abraham Lincoln ilikuwa ikichapisha noti za karatasi ambazo hazikuweza kubadilishwa kwa dhahabu. Thamani yake ilipanda na kushuka kwa kufuata habari za vita. Julai 1864 ndio mwezi zilipoporomoka kuliko wakati wote: katika soko la New York dola moja ya dhahabu ilifika kununuliwa kwa karibu dola 2.85 za karatasi.

Pwani ya Pasifiki ilizikwepa noti hizo. California mwaka 1863, na Oregon mwaka 1864, zilitunga sheria zilizowaruhusu watu kuandika katika mkataba kwamba deni litalipwa kwa dhahabu. Huko sarafu ya dhahabu ilikuwa fedha ya kila siku. Kiwanda cha kuitengeneza kilionekana hitaji la wananchi na faida kwa taifa kwa wakati mmoja, na dola 100,000 zilizotengwa hazikuonekana nyingi.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Masharti yote mawili yalitimia: dhahabu ilikuwa ikitoka kwa wingi, na San Francisco ilikuwa mbali. Lakini sheria ilitazama hali ya mwaka 1864, ilhali jengo lingekamilika miaka kadhaa baadaye.

Msimamizi azama baharini

Mradi ulipata pigo la kwanza mapema. Kazi ya kusimamia ujenzi ilikuwa imekabidhiwa kwa William Logan, wakala wa serikali katika hifadhi ya Warm Springs. Julai 1865 Logan alikuwa akirudi Oregon kutoka San Francisco ndani ya meli ya mvuke Brother Jonathan. Tarehe 30 Julai, bahari ikiwa imechafuka, meli iligonga mwamba karibu na Crescent City, kaskazini mwa California, ikazama. Kati ya watu zaidi ya 200 waliokuwamo, walionusurika walikuwa 19 tu. Logan hakuwa miongoni mwao.

Meli hiyo ilibeba pia sarafu za dhahabu. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1993, na wazamiaji wakatoa chini ya bahari sarafu zaidi ya 1,200, nyingi zikiwa za dola 20 zilizopigwa San Francisco mwaka ule ule wa 1865. Ajali hiyo inaonyesha wazi kwa nini watu wa Oregon walitaka kiwanda chao. Fedha waliyoitumia kila siku ilitoka mbali, kwa njia ya bahari iliyojulikana kwa ukatili, na meli moja ikizama ilizama na utajiri wa watu wengi. Ajali hiyo hiyo ikamwondoa mtu aliyekuwa na jukumu la kuondoa tatizo.

Ujenzi unaosuasua

Baada ya vita kumalizika mwaka 1865, serikali kuu ilikuwa na deni kubwa na majimbo ya kusini ya kuyajenga upya. Tawi la Oregon halikuwa la kwanza kwenye orodha. Kazi ya maana ya ujenzi ilionekana miaka ya mwisho ya 1860, na hata hapo ilikwenda polepole.

Matatizo yalikuwa ya kawaida kwa maeneo mapya ya walowezi. Waashi na vibarua walikuwa wachache, na ujira wao ulikuwa juu. Mtu mwenye nguvu za kubeba mawe alikuwa na nguvu za kuchimba dhahabu pia, na tetesi za machimbo mapya Idaho ziliweza kumwondoa kwenye jengo kwa siku moja. Vifaa ambavyo havikupatikana papo hapo vilisafiri kwa njia ile ile ndefu ya bahari na mto. Mafuriko ya mto nayo yaliwasumbua wakazi wa mji.

Hivyo gharama zilizokifanya kiwanda kitamaniwe ndizo zilizokifanya kiwe kigumu kujengwa. Umbali ulioongeza bei ya kupeleka dhahabu ulipandisha vilevile bei ya kila kitu kilichohitajika ili kuukwepa.

Kilichobadilika kati ya 1864 na 1870

Wakati kuta zikipanda taratibu, masharti yote mawili yalianza kubomoka. Mabadiliko manne ndiyo makuu.

*La kwanza ni dhahabu yenyewe.* Machimbo ya mwanzo ya Oregon na Idaho yalikuwa ya mchanga wa mtoni, yaani dhahabu ambayo maji yameshaing'oa kwenye mwamba na kuilaza kwenye vijito. Dhahabu ya aina hii huchimbwa kwa karai na sepetu, ndiyo maana maelfu ya watu huifuata. Pia huisha haraka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1860 sehemu nono zilikuwa zimekwisha kuchimbwa, na wachimbaji wengi wa kwanza walikuwa wameuza viwanja vyao na kuondoka. Wengi wa walionunua walikuwa Wachina, waliorudia mchanga uliokwisha kuchekechwa na kupata riziki kwa subira. Sensa ya 1870 ilionyesha kuwa Wachina walikuwa zaidi ya robo ya watu wote waliohesabiwa Idaho. Kazi ya kurudia mabaki hulisha watu, lakini haijazi kiwanda cha sarafu.

*La pili ni aina ya uchimbaji.* Dhahabu iliyobaki kwa wingi ilikuwa ndani ya mwamba. Hiyo huhitaji baruti, mashine za kusaga mawe na mtaji, kwa hiyo hushikwa na kampuni. Kampuni haiuzi vifuko vya unga dukani. Hupeleka mikuo moja kwa moja kwa mabenki yake katika miji mikubwa, na haina haja ya kiwanda cha jirani.

*La tatu ni usafiri.* Tarehe 10 Mei 1869 reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani ilikamilika Promontory Summit, Utah. Muda mfupi baadaye magari ya farasi yalikuwa yakisafiri kati ya Boise na kituo cha reli cha Kelton, Utah. Dhahabu ya kusini mwa Idaho, iliyokuwa na njia kuu ya kuteremka mto Columbia, sasa iliweza kutoka kwa mlango wa kusini. The Dalles ilichaguliwa kwa sababu kila kitu kilipita hapo. Baada ya 1869 si kila kitu kilipita hapo.

*La nne ni viwanda vingine.* Tawi la Carson City lilianza kupiga sarafu mwaka 1870. San Francisco nayo ilikuwa ikijenga kiwanda kipya kikubwa, kilichokamilika mwaka 1874. Uwezo wa kutengeneza sarafu upande wa magharibi ulikuwa unatosha na kuzidi.

Mwaka 1870 ujenzi wa The Dalles ukasimamishwa. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika na jengo lilikuwa halijakamilika.

Waliofaulu na waliofaulu nusu

Hatima ya The Dalles inaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya miji mingine mitatu ya wakati huo.

*Carson City, Nevada.* Tawi hili liliidhinishwa mwaka mmoja tu kabla ya la The Dalles, na lilifaulu. Lilikuwa karibu kabisa na Comstock, machimbo makubwa ya madini ya fedha na dhahabu yaliyogunduliwa 1859. Madini hayo yalikuwa ndani ya mwamba na yaliendelea kutoka kwa miaka mingi, huku kampuni kubwa zikiwekeza hapo hapo. Hata hivyo tawi hilo halikudumu: lilipiga sarafu zake za mwisho mwaka 1893, Comstock ilipokuwa imefifia.

*Denver, Colorado.* Serikali ilinunua mwaka 1863 jengo na mashine za kampuni binafsi ya Clark, Gruber & Co., iliyokuwa ikitengeneza sarafu zake yenyewe. Sheria ilikuwa imekwisha kupitishwa na mashine zilikuwapo. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 Denver ilipima dhahabu na kutoa mikuo tu. Sarafu zilianza kutoka mwaka 1906, katika jengo jipya, wakati Colorado ilikuwa na reli, watu na migodi iliyokomaa.

*Boise, Idaho.* Huu ndio mfano ulio karibu zaidi na The Dalles. Mwaka 1869 Bunge liliidhinisha ofisi ya kupima dhahabu, bila mashine za kupiga chapa. Ofisi ilifunguliwa 1872, katikati ya eneo la machimbo ambayo The Dalles ilikusudia kuyahudumia kutoka mbali. Mchimbaji alipata alichokihitaji zaidi: kipimo cha serikali ambacho hakuna mnunuzi angeweza kukibishia. Ofisi hiyo ilifanya kazi hadi 1933.

Kulinganisha huku kunatoa funzo linaloshikika. Hasara kubwa ya mchimbaji mdogo ilitokana na kutojulikana kwa ubora wa dhahabu yake, na dawa ya hasara hiyo ni tanuri na mizani. Sarafu zenyewe zingeweza kutoka popote, mradi usafiri upo. The Dalles ilitaka hatua zote sita. Boise ilichukua tatu za kwanza, ikadumu zaidi ya miaka 60.

Jengo baada ya mradi

Tarehe 12 Februari 1873 Marekani ilipitisha sheria mpya ya sarafu iliyopanga upya kazi yote ya viwanda vya fedha. Sheria hiyo ilitaja viwanda vinne: Philadelphia, San Francisco, Carson City na Denver. Ilitaja pia ofisi za kupima dhahabu za New York, Boise na Charlotte. The Dalles haikutajwa.

Serikali ililiachia jengo, na baadaye likawa mali ya watu binafsi. Limetumika kwa shughuli mbalimbali, zikiwemo ghala, utengenezaji wa mvinyo na utengenezaji wa bia. Kuta zake nene za mawe, zilizokusudiwa kulinda dhahabu, zimeonekana kufaa kwa kuhifadhi vitu vinavyotaka ubaridi.

Muhtasari wa sura

- Tawi la kiwanda cha sarafu hulipa pale tu dhahabu inapotoka kwa miaka mingi na kuifikisha kwingine kunapokuwa ghali au hatari.
- Mwaka 1864 The Dalles ilitimiza masharti yote mawili, hivyo uamuzi wa Bunge ulikuwa na msingi.
- Kifo cha msimamizi, deni la vita, uhaba wa mafundi na gharama za vifaa vilichelewesha ujenzi.
- Wakati wa kuchelewa huko dhahabu ya mchangani ilipungua, reli ikafika Utah, na viwanda vingine vikatosheleza mahitaji.
- Ofisi ya kupima dhahabu ya Boise ilitoa huduma iliyohitajika zaidi bila kuhitaji kiwanda kizima.

Kwa hiyo jibu la swali lililofungua sura ni kwamba sarafu ziliweza kutengenezwa karibu na machimbo, na mahali pengine zilitengenezwa, ila kwa muda tu ambao machimbo yalidumu na barabara zilikuwa mbaya. Kiwanda cha The Dalles kingefunguliwa mwaka 1865, huenda kingefanya kazi kwa miaka michache kisha kufungwa. Kilipofika mwaka 1870 bila kukamilika, kukiacha kulikuwa uamuzi sahihi. Kosa halikuwa kukianzisha wala kukisimamisha. Lilikuwa miaka sita ya kuendelea na mradi kwa kufuata hesabu ya mwaka 1864 bila mtu kuipitia upya.